Kuhama Kazi Ifakara Bila Kupoteza Watu Wako

Mjini Ifakara mtu anaweza kubadilisha kazi mara tatu bila kuhama nyumba. Mwaka huu anakusanya takwimu za mbu kwenye mradi wa Taasisi ya Afya Ifakara, mwakani yuko kwenye shirika linalohudumia wakulima wa mpunga, baadaye anasimamia stoo ya mashine ya kukoboa pale Kibaoni. Muuguzi anatoka wodini Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na kwenda kufundisha chuo cha jirani. Kijana aliyekuwa kwenye miwa Kidatu anarudi nyumbani kulima ekari zake na kuendesha bodaboda.

Mji huu umezoea kazi zenye tarehe ya mwisho. Taasisi hiyo ya afya ilianza katika miaka ya 1950 ikiwa maabara ndogo ya Waswisi, ikaja kuwa taasisi ya Kitanzania katika miaka ya 1990, na mpaka leo sehemu kubwa ya kazi zake huendeshwa kwa miradi. Fedha za mradi zikiisha, mikataba nayo inaisha. Kiwanda cha sukari Kidatu husaga miwa kiangazi na kusimama masika, na wakata miwa huja na kuondoka na msimu. Kwa hiyo ukiishi bonde la Kilombero, kuhama kazi ni jambo la kulitarajia na kulijifunza, kama unavyojifunza kusoma mawingu.

Shida iko pengine. Wengi wetu marafiki tumewapata kazini. Tunakula pamoja mchana, tunapanda gari moja kwenda vijijini, Jumamosi tunaangalia mpira pamoja, tukifiwa ofisi ndiyo inayotuzikia. Mkataba ukiisha, mtu anapoteza mshahara na watu wake siku hiyohiyo, na nimeona mara nyingi kwamba pigo la pili ndilo linalomchelewesha kusimama. Mshahara mwingine hupatikana. Mtu aliyejifungia ndani kwa sababu anaona aibu kukutana na wenzake hasikii hata habari ya nafasi iliyotangazwa mtaa wa pili. Ndiyo maana mwongozo huu unayaweka mambo hayo mawili kwenye mpango mmoja, na mpango wenyewe unaanza kabla barua ya kuacha kazi haijaandikwa.

Tazama kalenda ya bonde

Kabla ya kuchagua tarehe ya kuondoka, jiulize bonde zima litakuwa linafanya nini mwezi huo. Mvua za kwanza zikianguka, Novemba na Desemba, watu wako kwenye kulima na kupanda mpunga. Inafuata palizi. Machi hadi Mei mto Kilombero hufurika na sehemu kubwa ya bonde hulala chini ya maji. Mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Julai, kutegemea mvua na mbegu. Aliyepanda SARO 5, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha KATRIN hapahapa Ifakara, huwa na hesabu yake ya siku, na aliyepanda mbegu za kienyeji ana yake.

Kalenda hii ndiyo inayoamua nani ana fedha na nani ana nafasi. Ukikaa bila mshahara mwezi Februari, pesa yako imelala shambani, na ya rafiki zako imelala shambani vilevile. Hakuna wa kumkopa, na wengi hawapo mjini. Tangu enzi za wazee, familia za Wandamba na wenzao huhamia mashambani msimu wa kilimo na kukaa kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Desturi imepungua lakini haijaisha. Ukimtafuta rafiki mwezi Machi, mfuate shambani.

Julai na Agosti mambo hugeuka. Mpunga uko stoo, watu wamerudi mjini, ngoma zinalia, na kadi za michango ya harusi zinagongana mlangoni. Ni msimu mtamu wa kuwa na watu, na ni msimu ghali.

Kama tarehe iko mikononi mwako, mimi ningechagua kumaliza kazi ya zamani mwisho wa Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mashirika mengi yanayofanya kazi na Serikali hupanga bajeti zao kwa kuufuata. Mavuno mengi pia yanakuwa yameingia. Ila usiuze mpunga wote wakati wa mavuno, kwa sababu huo ndio wakati bei iko chini kabisa. Weka magunia ya kutosha kukuvusha miezi miwili au mitatu, uuze moja moja, na unga wa nyumbani usiutegemee mshahara ambao hujauona. Na kama huna shamba, weka akiba inayolingana na matumizi ya miezi hiyohiyo kabla hujasema neno kwa mwajiri.

Barua

Sehemu hii ni fupi, lakini usiiruke, kwa maana watu wengi hupoteza haki zao kwa hasira ya siku moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya kuvunja mkataba iwe ya maandishi. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, siku 7. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, baada ya mwezi huo wa kwanza, siku 4. Mkataba wako unaweza kutaka muda mrefu zaidi, basi usome wote kabla hujaandika. Siku za likizo haziingizwi ndani ya notisi. Ukikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata fedha za siku hizo kwenye stahiki zako, na hapo ndipo wengi walioondoka kwa kishindo hushangaa kukuta hawana wanachodai.

Unapoondoka una haki ya mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoistahili na hukuichukua, na cheti cha utumishi. Cheti hicho kidai. Watu hukisahau kwa sababu hakina pesa ndani yake, kisha miaka minne baadaye mwajiri mwingine anataka uthibitisho wa uzoefu na ofisi ya mradi ilishafungwa, viti vimeuzwa, na bosi amerudi kwao Ulaya. Chukua cheti siku unayokabidhi ofisi. Peleka barua yako ya kuacha kazi nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Angalia pia michango yako ya NSSF, au ya PSSSF kama uko serikalini, kabla hujaondoka. Kama kuna miezi ambayo mwajiri hakupeleka, ni rahisi kuifuatilia ukiwa bado unaingia getini. Na ujue kwamba fao la kukosa ajira ni la mtu aliyeachishwa kazi. Aliyeandika barua mwenyewe ya kuacha halipati. Bima ya afya nayo hufuata mwajiri, hivyo uliza inakoma tarehe gani, hasa kama una mtoto mdogo au mjamzito nyumbani.

Ikiwa umeachishwa na unaona umeonewa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku ni 30 tu tangu kuachishwa. Usizimalize siku hizo kwa kulalamika kijiweni.

Nani aambiwe, na lini

Ifakara ni mji mdogo. Kutoka Viwanja Sitini hadi Lipangalala habari haihitaji gari. Ukifanya usaili asubuhi, jioni muuza genge anakupongeza.

Kwa hiyo mpangilio wa kuambia watu una maana kubwa. Wa kwanza ni mwenzi wako au mtu mnayekaa naye, kwa sababu ndiye atakayekula matokeo. Wa pili ni rafiki mmoja asiyefanya kazi pamoja nawe, aliyekuzidi umri kidogo kama unaye, ambaye atakuuliza maswali bila kuogopa kukuudhi. Wa tatu ni bosi. Asisikie kwa mtu mwingine. Mwendee ofisini, mwambie kwa mdomo, na barua uwe nayo mkononi. Baada yake ndipo wenzako, ukiacha waliokudhamini mkopo, ambao huambiwa mapema kama utakavyoona hapa chini, na waambie wewe mwenyewe siku hiyohiyo.

Katika wiki za notisi fanya kazi vizuri kuliko kawaida yako. Andika makabidhiano yanayoeleweka, mfundishe anayekupokea, rudisha simu ya ofisi na funguo. Katika bonde hili, mtu unayemwachia kazi leo ndiye atakayekaa upande wa pili wa meza siku utakapoomba kazi nyingine. Na zaidi ya hilo, ukiwaachia wenzako mafaili yaliyovurugika, wao ndio watakaokesha kuyapanga. Huwezi kumwita mtu rafiki kisha ukamfanyia hivyo.

Madeni na wadhamini

Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo urafiki mwingi wa kazini unapovunjikia.

Maofisini kuna SACCOS, kuna vikoba, kuna mchezo wa kupeana kila mwisho wa mwezi. Ukikopa SACCOS, wenzako wawili au watatu wanaweka saini kukudhamini. Wakati wa kusaini kila mtu anacheka, chai inanyweka. Siku unapoondoka na makato kwenye mshahara yanakoma, deni linaanza kuwatazama wao. Nimewasikia watu wazuri kabisa, wasio wezi wala waongo, wakisema watalipa wakishatulia kwenye kazi mpya. Miezi inapita. Mdhamini anakatwa mshahara wake, anaona aibu kudai, anaanza kukukwepa sokoni. Urafiki wa miaka minane umekwisha bila hata neno moja la ugomvi.

Usikubali hilo likutokee. Kabla ya kuandika barua, nenda kwa mhasibu wa SACCOS uchukue salio lako kwa maandishi. Toa akiba na hisa zako kwenye hesabu, uone kinachobaki. Kama stahiki zako za mwisho zinatosha kulimaliza deni, lipa, hata kama ulipanga kununua bati. Kama hazitoshi, waite wadhamini wako wote pamoja, uwaeleze kiasi kilichobaki na utakavyolipa kila mwezi, na uandike makubaliano na SACCOS yenyewe. Halafu kila mwezi ukishalipa, watumie ujumbe mfupi wenye risiti. Risiti hiyo humtuliza mdhamini kuliko salamu kumi.

Na wewe uliyemdhamini mtu mwingine, mwambie kwamba unaondoka. Ana haki ya kutafuta mdhamini mpya mapema.

Kwenye mchezo wa kupeana kuna jambo la ziada. Ukishapokea zamu yako, endelea kutoa mpaka mzunguko uishe, hata kama uko Mlimba au Malinyi na mshahara mpya haujatoka. Kama zamu yako bado, waulize wenzako kama wanataka ubaki au wakurudishie ulichotoa. Usijitoe kimyakimya.

Michango ya harusi na misiba nayo ina utaratibu wake. Katika mwezi usio na mshahara, mwone mwenyekiti wa kamati ya harusi mapema, umwambie utatoa kiasi gani na lini. Watu wa Ifakara wanaelewa mtu anayesema ukweli kwamba hali imebana, na wanamheshimu. Anayewaudhi ni yule anayeahidi laki moja mbele za watu kisha anazima simu. Kwenye msiba, kama huna pesa, una miguu na mikono. Nenda ukachote maji, ukapange viti, ukalale matanga. Huo ni mchango mzima, na familia itaukumbuka.

Ukiwa kwenye kazi mpya

Mwezi wa kwanza wa kazi mpya una uchovu wa ajabu. Kuna majina ya kushika, mifumo ya kujifunza, na kipindi cha majaribio kinachofanya kila kosa lionekane kubwa. Watu wengi hujitetea hivi: nitulie kwanza, marafiki baadaye. Naona ni kosa. Chagua siku moja ya wiki, siku ileile, ambayo ni ya watu wako, na uilinde. Iwe Jumamosi ya mpira wa Simba au Yanga kwenye kibanda, iwe Jumapili mchana baada ya ibada, iwe kahawa na kashata jioni ya Jumatano mkicheza bao. Ukishakuwa na siku inayojulikana, huhitaji kupiga simu za kupanga. Watu wanajua ulipo, wanakuja.

Kundi la WhatsApp la ofisi ya zamani uwaachie wenyewe, maana mle kuna mambo ya kazi yasiyokuhusu tena. Ila kabla ya kutoka, hakikisha namba za wale unaowapenda unazo, na kundi la misiba na sherehe, kama lipo peke yake, omba ubaki ndani yake.

Halafu panua watu wako nje ya kazi yoyote ile. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote, kwa sababu mkataba mpya nao una tarehe yake. Kama ni Mkatoliki, jumuiya ndogondogo za mitaani hukutana nyumba kwa nyumba, na Ifakara, yenye jimbo lake tangu mwaka 2012, haina upungufu wa jumuiya. Kama ni Mwislamu, una msikiti na futari za Ramadhani. Kuna timu za mpira za mitaa na vikundi vya mazoezi ya asubuhi. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Mwanza aanze kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wa nyumba nne zinazomzunguka, apeleke salamu na jina lake, na akodi hata nusu ekari alime. Nusu ekari ya mpunga itakupa watu wa kuongea nao mwaka mzima: mwenye shamba, vibarua wa palizi, jirani wa mpaka wenu, mwenye mashine. Na utakuwa na jambo la kusema kijiweni wanapozungumzia mvua.

Siku yako ya watu isiwe lazima ya bia. Ifakara ina wali wa kusifika na samaki wa mto, perege na kambale, na sahani moja ya wali kwa samaki wa nazi mnayoshirikiana nyumbani kwa mtu hugharimu kidogo kuliko meza moja ya baa. Kwa mtu aliye kati ya kazi mbili, kupika nyumbani na kuwaalika watu ni njia ya kuendelea kukaa na wenzake bila kujificha wala kujifilisi.

Neno moja kuhusu jioni zetu za nje. Mbu wa bonde hili hawasubiri ulale. Wapo wanaouma mapema jioni, nje, wakati watu wamekaa wanapiga soga, na chandarua cha kitandani hakiwezi kukufikia pale. Watafiti wa Ifakara wamelishughulikia jambo hilo hadi kujaribu viti na ndala zenye vitambaa vilivyowekwa dawa ya kufukuza mbu. Vaa suruali ndefu na soksi, paka dawa ya kufukuza mbu, na homa ikianza kapime siku hiyohiyo. Malaria wiki ya pili ya kazi mpya ni mwanzo mgumu.

Kama kazi iko mbali

Zamani kupangiwa kazi ng'ambo ya mto, Lupiro au Mahenge, kulikuwa karibu sawa na kuhama nchi. Ulisubiri kivuko, na masika kivuko kilikuwa hatari; mwaka 2016 kilipinduka. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, limebadilisha maisha ya watu wa pande zote mbili. Mtu wa Lupiro anaweza kuja harusini Ifakara akarudi usiku uleule. Ukipangiwa Ulanga au Malinyi, usihesabu kwamba umepotea. Panga kurudi wikiendi moja kila mwezi, na masika uliza hali ya barabara kabla ya kupanda pikipiki.

Ukienda Mang'ula, Kidatu au Mlimba, bado uko bondeni, kwenye njia ya reli ya TAZARA, na watu wako wanaweza kukufikia. Waalike waje. Mang'ula ndiko geti la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na kundi la marafiki sita wakichanga nauli wanaweza kupanda hadi maporomoko ya Sanje na kurudi siku hiyohiyo. Kiingilio kwa raia wa Tanzania kinalipika, na wengi waliozaliwa Ifakara hawajawahi kufika.

Ukienda Bagamoyo, Dodoma au Dar es Salaam, kubali kwamba huwezi kuwashika wote. Chagua watu watatu au wanne utakaowapigia simu kwa sauti, si kwa ujumbe, kila baada ya wiki chache. Wape habari kamili, na wewe uulize za shamba, za watoto, za mama aliyekuwa mgonjwa. Ukirudi likizo usipite mjini usiku ukaenda kijijini na kuondoka. Kaa hata siku mbili Ifakara, uzungukie nyumba za waliofiwa ulipokuwa mbali, utoe pole yako ana kwa ana. Pole haipitwi na wakati.

Sasa, kama barua yako iko tayari na tarehe umeshaichagua, fanya jambo moja kabla hujaipeleka: mtafute leo yule aliyekudhamini mkopo, ukae naye, umwambie unaondoka lini na deni hilo utalilipa vipi.